Mstari Wenye Kitambaa

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Wingu limeukalia mlima tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Naandika kwa simu, nimekaa kwenye benchi la hospitali huku Gonja. Chaji imebaki kidogo.

Wanaonijua pale kaunta ya baa, Same mjini, wanajua mimi ni nani. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana, lakini kwenye kuchanganya vinywaji wenye vyeti huja kuniuliza mimi. Silaha yangu ni bladi meri. Juisi ya nyanya mbichi, vodka, ndimu, chumvi, pilipili manga, pilipili kichaa, na sosi ya soya kidogo. Mgeni akinywa moja, safari anaahirisha mwenyewe.

Leo nilipanda kwa shangazi Nakijwa. Tangu wazazi wangu watangulie, ndiye aliyebaki wa kuniombea kwa jina. Tatizo lake ni moja: anaamini baa ni mahali pa kupotelea. Nikasema leo ataonja kazi ya mikono yangu, abadili sala.

Aliposikia maana ya jina la kinywaji alikunja uso. Damu na Maria kwenye glasi moja, tena ndani ya nyumba ya Mlutheri? Nikamwambia ya kwake haitakuwa na pombe, na jina tutalibatiza upya. Binti yake Mbonea akadakia kwamba kidato cha tatu sikukiona ila kubatiza nabatiza kama askofu.

Shangazi akanipa ndoo ya kuchumia nyanya. "Chuma kwenye mstari wenye kitambaa, baba. Mingine iache."

Shambani nikaukuta, mche wa kwanza umefungwa kipande cha kitenge. Nyanya zake ndogo, zimetobolewa na wadudu. Mistari mingine yote imenona, haina hata kovu. Nikasema moyoni, shangazi ananibania, nzuri anawawekea wachuuzi. Basi nikajaza ndoo zile nzuri, juu nikatandaza mbovu chache za kitambaa ili asigundue. Nikajiona mjanja wa wilaya nzima.

Zilikuwa na vumbi jeupe. Nikazifutia kwenye shati.

Nilitengeneza aina tatu, maana aina moja ni ya wanafunzi. Ya shangazi nilikuna tangawizi ya kijiji cha Mamba, nikakamua ndimu, basi. Ya Mbonea nikatia tango na pilipili. Alilamba tu akatema, akasema ni mchuzi uliosahau kupita jikoni. Ya kwangu, badala ya vodka, nikachanganya dengelua, pombe yetu ya miwa, niliyoibeba kwenye chupa ya soda. Nikaimaliza. Fundi haonji, fundi anakunywa.

Shangazi alikunywa glasi nzima, akasogeza nyingine.

"Kumbe una kazi, Elia," akasema.

Neno hilo nimelisubiri tangu nianze kunyoa ndevu.

Makapi nikawamwagia kuku.

Haikupita saa nzima. Kuku mmoja alilegeza mbawa, akazunguka pale pale, akaanguka ubavu. Akafuata wa pili. Mbonea akacheka kwamba nimewalewesha kuku, nami nikacheka. Halafu tukasikia kiti kikianguka ndani.

Shangazi alikuwa chini. Jasho linamchuruzika shingoni, mate hayaishi, na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano.

Tulimteremsha kwa bodaboda, katikati ya dereva na mimi. Mbonea akafuata nyuma na bodaboda nyingine. Njia nzima kichwa chake kilikuwa begani kwangu, na sikuwa na utani hata mmoja.

Nesi akauliza amekula nini. Nikasema juisi ya nyanya tu, nyanya za nyumbani. Sikupepesa jicho.

Mbonea akanigeukia. Akasema jana asubuhi yeye mwenyewe alibeba bomba mgongoni akapuliza dawa mistari yote ya sokoni. Ule wenye kitambaa huwa haupulizwi, ndio wa kula wao. Huku kila nyumba ina mstari wake, hata mtoto anajua. Mimi wa mjini ndiye sikujua.

"Kama ulichuma kwenye kitambaa, kuku wamekufa na nini?"

Nilikuwa natafuta jibu litakaloniacha bado fundi, na shangazi alikuwa anakoroma kwa povu mbele yangu wakati natafuta.

Mwishowe nikasema ukweli, kwamba nilichuma mistari ya sokoni. Nesi hakunigombeza. Alimtuma Mbonea nyumbani akalete chupa ya dawa iliyopulizwa, kisha akaniuliza mimi kama kuna mwingine aliyekunywa. Nikasema hakuna.

Wamemwingiza shangazi ndani, wakafunga mlango.

Sijui kwa nini nilisema hakuna. Labda niliona aibu kulazwa kwa kinywaji changu mwenyewe.

Mate yananijaa mdomoni, nameza, yanarudi. Shati limelowa, na huku kuna baridi. Nilidhani ni woga. Lakini woga haufanyi herufi za simu ziwe ukungu.

Nilidanganya kwenye ndoo, nikadanganya kuhusu nyanya, nikadanganya kuhusu glasi yangu. Shangazi akiamka atauliza niko wapi, na Mbonea hajarudi, hakuna wa kumjibu.

Nanyanyuka kugonga mlango. Uongo huu wa glasi naukiri sasa, miguu ingali inanibeba.