Damu kwa Namba ya Mwingine

S.L.P. 74,
Roret.
4 Juni 1996

Mpendwa dada Chepngeno,

Chamgei! Natumaini joto la Mombasa halijakuyeyusha, na kwamba Eliakim na mtoto Nelvine wanakula na kulala vizuri. Huku tuko wazima, isipokuwa mmoja nitakayemtaja. Mvua ni ya kila alasiri, majani chai yanawashinda wachumaji, na ng'ombe wako amezaa ndume, ingawa nilimwomba jike.

Sasa kaa chini. Ni kaka yetu Kipkoech. Yale maumivu ya mgongo aliyokuwa akisema ni ya jembe, hospitali walimpiga picha ya tumbo wakakuta ule mshipa mkubwa unaoteremsha damu kutoka moyoni umevimba, kama tyubu ya baiskeli inapochungulia kwenye tairi lililochanika. Daktari Gekara anasema ukipasuka hatutapata hata nafasi ya kumwita pasta. Atapasuliwa tarehe 27 mwezi huu, urekebishwe.

Kabla ya hapo walitaka damu yake, chupa tatu, aende asubuhi bila kula. Moja ni ya kujua kundi, ili atafutiwe damu ya kuongezewa. Nyingine ni za kutazama mafuta, sukari na vile vitu vidogo vidogo ambavyo mwili huacha damuni ukishavunja chakula. Nilimwuliza daktari kama hivyo ndivyo vinavyoharibu mshipa. Akasema wataalamu wanaona baadhi yake vikitembea pamoja na ugonjwa huu, lakini kama ni mwizi au ni shahidi tu aliyekuwa akipita, bado hawajui. Hapo nilimpenda. Mtu anayeshuku kazi yake mwenyewe anafaa kuwa karani wa majani.

Unajua miaka kumi na minne kwenye mizani ya kituo cha majani chai imenifanya nisiamini hata gunia lililofungwa vizuri. Kipkoech alikataa kutoa damu wiki mbili nzima, akisema inauzwa ng'ambo. Halafu Jumatatu moja akaenda peke yake, akarudi akipiga mluzi. Mkewe Janeffer akamwekea ugali na mboga. Mtu ambaye hajala tangu jana akaacha nusu! Nikamchunguza mikono yote miwili. Hata alama ya mbu sikuona.

Majibu yakaja Alhamisi: mafuta kidogo, sukari sawasawa, damu ya kijana wa mpira. Kipkoech akatangaza kanisani kwamba Mungu amemponya na kisu hakihitajiki tena.

"Umesikia, karani? Damu yangu ni gredi ya kwanza."

Nikajiuliza ni kijana gani angemkubalia. Nilishuka hadi nyumba za wafanyakazi wa kampuni, kwa Phelix Amolo, yule kijana wa Siaya anayemchumia Kipkoech majani siku zake za mapumziko. Jogoo mwekundu wa Kipkoech alikuwa amefungwa mlangoni, na ndani ya kiwiko cha Phelix palikuwa na alama ya sindano.

"Huyu jogoo amekuja kukusalimia?" nikamwuliza.

"Mzee Kipkurui, mimi nilisaidia tu. Aliniambia ni kama kupeleka majani kituoni kwa namba yake ya mkulima. Si nyinyi hufanya hivyo kila siku?"

Na kweli tunafanya, dada. Mimi mwenyewe hufumba jicho. Lakini majani ya jirani hayajamwua mtu. Kundi lililoandikwa kwenye faili la Kipkoech ni la Phelix, na wangemwekea damu isiyomfaa akiwa amelala pale, tumbo wazi.

Nilimwambia Kipkoech hayo mbele ya Janeffer.

"Wewe ni polisi wa nani?" akafoka.

"Baba, ngoja kwanza," Janeffer akamwambia mumewe. "Jogoo wangu si ulisema amebebwa na mwewe?"

Kipkoech akakaa kwenye stuli, akasema polepole, "Naogopa hiyo sindano kuliko huo mshipa. Mwite Chepngeno. Siku ya chanjo shuleni nilimshika mkono nikamwambia asilie. Mbele yake sitakimbia."

Nimemweleza daktari kila kitu. Kipkoech atatolewa damu upya Jumatatu tarehe 24. Tafadhali fika kabla ya siku hiyo.

Kuna jambo jingine. Daktari anasema ugonjwa huu huwafuata ndugu wa tumbo moja, hasa wanaume, kwa hiyo asubuhi hiyohiyo anataka damu yangu pia, na picha. Nilikubali haraka mno, na mimi mtu anayekubali haraka huwa namfungulia gunia. Jana nilijikuta nikimwuliza Phelix kama jogoo mmoja anamtosha.

Kwa hiyo njoo, dada, usimame mlangoni mwa maabara utazame mkono wa nani unaingia. Kwenye foleni tutakuwa wawili.

Janeffer anakusalimu, na Phelix pia, kwa aibu. Msalimie Eliakim, umbusu Nelvine. Mungu akuongoze njia nzima hadi langoni kwetu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukungoja,
Kipkurui