Mipira ya Maji Uliyoikubali Bila Kuniuliza

S.L.P. 41,
Bura, kupitia Voi.
9 Septemba 1984

Mpendwa mdogo wangu Danson,

Nakusalimu wewe, Mumbe na watoto. Natumaini huko Kisumu mko wazima na kifua cha Josephat kimepoa. Huku tunaendelea. Mama miguu bado inamvimba, lakini anakula, na Jumapili alifika kanisani.

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini nimeng'oa mipira ya kumwagilia matone, na unasema kwamba bwana shamba amekuandikia mimi ni mkaidi. Nilikaa kwanza bila kujibu ili hasira ishuke. Haijashuka.

Krismasi uliketi naye sebuleni, mkanywa chai niliyopika mimi, mkakubaliana michungwa yote iwekewe mipira. Mimi ninayeinywesha tangu baba afariki nilikuwa jikoni, wala hakuna aliyeniita. Nilipoleta vikombe nilisema maji ya kisima chetu yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, na matundu ya mipira ni madogo. Akacheka. Na wewe ulicheka, Danson.

Bwana shamba aliahidi chujio la kufunga kwenye mipira. Hakuleta. Akaniambia nifukie vishimo nilivyochimba kuzunguka miti, eti napoteza maji. Nikafukia, kwa sababu ulikuwa umekubali kwa niaba ya nyumba nzima.

Mwezi wa sita Mama alilazwa, nikakaa naye hospitali. Wakesho, binti wa shangazi, alibaki akifungua maji ya tangi kila asubuhi. Aliona mipira imejaa, akadhani miti inakunywa. Niliporudi udongo ulikuwa mkavu kama majivu, majani yamejikunja, machungwa mabichi yamedondoka. Nikachomoa mpira mmoja: matundu yote yameziba kwa chumvi. Wakesho alilia mpaka nikamshika.

Nilikwenda kwa bwana shamba. Akasema, "Mama, mipira haina kosa. Ninyi watu wa huku hamtaki kubadilika." Nikamwuliza chujio liko wapi. Akafungua gazeti lake akaanza kusoma.

Basi nikaing'oa. Tukachimba vishimo upya, tukabeba ndoo mimi na Wakesho. Michungwa ya upande wa barabara imechipua. Ile ya karibu na nyumba, ambayo baba aliipanda mwaka uliozaliwa wewe, imekauka yote. Mama huiangalia dirishani.

Usiniambie nakataa maendeleo. Jirani yetu Nzioka anatumia mipira hiyohiyo na mipapai yake inapendeza. Maji yake ya mfereji yanatoka mlimani, ni matamu, na chujio alikwenda kulichagua mwenyewe. Yeye aliulizwa. Mimi nilipikishwa chai.

Unaandika kwamba Desemba utakuja na huyo bwana mwirudishe mipira. Njoo. Lakini tangulia wewe, ubebe ndoo pamoja nami, uonje maji ya kisima, ndipo tumwite tuketi wote watatu. Mkija wawili mkiwa mmeshaamua, mtakuta lango limefungwa, na ufunguo ninao mimi.

Nisalimie Mumbe, watoto, na Mjomba Kituku mkionana. Mama anawaombea kila jioni, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awatunze kazini na njiani.

Dada yako anayekupenda, hata leo,
Mable