Mama Kashtaki Ndege ya Njano

Odile, uko wapi?

Unajua tangu sheria ya kukataza kuchezea hali ya hewa ipite hapa Louisiana, mimi ndiye ninayepokea simu ofisini, za watu wanaoshuku ndege zinaharibu mvua. Leo mtu kapiga, kabana sauti: "Ndege ya njano inamwaga dawa za kufukuza mvua."

Ni Mama! Mama yangu mzazi, shoga!

Nikamwambia, "Mama, huyo ni Alcide, mkweo. Anapiga dawa ya wadudu kwenye mpunga wako."

Akaacha kubana sauti: "Kumbe na wewe ni mwenzao."

Mwenzao! Mimi!

Na bosi anataka kila simu iandikwe. Nimeandika jina la mume wangu kwa mkono wangu. Jioni namwambiaje?