Ng'ombe Badala ya Nyongeza

Litein,
Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla sijasema langu niambie lako. Mgongo umeacha kukuuma? Zile dawa ulimaliza au uliziachia nusu kama kawaida yako? Moraa wangu je, amezoea shule, ama bado analia asubuhi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku kwenye majani chai haijanizoea na mikono imepasuka kwa kufua nguo za mtoto.

Utashangaa kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu yako inakaa na Ombati, na haya ninayoandika yanamhusu huyo ndugu yangu kuliko anavyojua. Halafu chumba changu na sebule ya hawa watu ninaowafanyia kazi vimetenganishwa na mbao tu. Nikikohoa, Mama Chebet ananiuliza kesho yake kama nimepata dawa. Kwa hiyo nitampa barua hii mama mmoja wa kwetu anayeuza ndizi hapa sokoni, akuletee mkononi. Isome peke yako kwanza.

Unakumbuka nilipoingia nyumba hii miaka miwili iliyopita nililetewa mtoto mmoja, Chebet. Sasa kuna Kibet wa miezi saba, na kuna Gogo, mama yake Baba Chebet, aliyehamia hapa kwa sababu ya miguu. Kazi imeongezeka mara tatu, mshahara umekaa palepale kwenye elfu nane. Basi mwezi uliopita nilijikaza nikamwambia Mama Chebet nataka elfu kumi na mbili, Jumapili iwe yangu, nilipiwe bima ya afya, na Krismasi nije kwetu bila kukatwa kitu. Sikuomba vibaya. Alisema atamuuliza mzee.

Nikangoja. Badala ya jibu ukaja wema. Siku moja koti, siku ya pili nyama isiyo na mfupa, siku ya tatu Mama Chebet ananiita "dada yangu" mbele ya wageni. Mama, niliogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe unajua yule mama wa Kericho aliyenipa rinda halafu mwisho wa mwezi akalikata kwenye mshahara. Lile koti hadi leo limening'inia msumarini, sijalivaa.

Halafu Baba Chebet akaniita sebuleni. Gogo alikuwa ameketi karibu na moto. Mzee akasema pesa ya kuongeza kwa sasa haipo, lakini wamekaa kama familia wakaona waniwekee ng'ombe kule kwetu, mtamba mwenye mimba, ili mtoto wangu anywe maziwa kila siku. Nitasema ukweli, machozi yalinilengalenga. Nilishukuru mpaka nikapiga goti.

Lakini hata ugali wa jioni ile haujaiva vizuri, furaha imeshaniisha. Mtu amekosa elfu nne lakini ana mtamba wa kugawa? Na wazee wa kabila letu na wazee wa kabila lao, Mama, walijuana kwa kunyang'anyana ng'ombe, si kwa kupeana. Nikamtafuta Chelangat, anayewachumia chai, nikamuuliza hii ni zawadi ya aina gani. Alicheka akashika kikapu.

"Hiyo si yako, Kemunto. Sisi tunaita kimanagan. Unakaa na ng'ombe ya mtu, maziwa ni yenu, lakini ng'ombe na ndama ni zake. Ni heshima kubwa, wanapea tu mtu wanaamini. Lakini mkikosana, anakuja kuchukua."

Hapo ndipo nilipoona mchezo wote. Siku nitakayosema nimechoka naondoka, mtu atafika kwako na kamba, na Moraa atamaliza maziwa siku hiyohiyo. Nawe kwa huruma ya mjukuu wako ungenipigia simu kuniambia vumilia mwanangu, kazi ni kazi. Wasingehitaji kunizuia wao. Ningezuiwa na nyinyi.

Na kumbe walishaanza. Ile namba ya Ombati niliyowaachia kwa ajili ya shida, ndiyo Baba Chebet aliyoipiga kabla hata ya kuniita mimi sebuleni. Ombati akakubali, akaanza kupanda nepia, yale majani ya kulisha ng'ombe, tena akamtangazia Moraa kwamba ana ng'ombe wake. Mwambie nimeyajua yote kwa huyu mama wa ndizi, na nimekasirika.

Jana mashahidi wakaja, majirani wawili, mzee mmoja na mama mmoja. Desturi yao ni kwamba ng'ombe hatoki bila mashahidi, ili kesho mtu asikane. Baba Chebet akataja rangi yake, alama ya sikioni, miezi ya mimba, hata akifa ngozi itarudishwa vipi. Mashahidi wanaitikia kwa kichwa. Nami nimesimama hapo na Kibet mgongoni, amelala. Sijui ujasiri niliutoa wapi, nikaomba kuongea.

"Gogo, mmeita watu wawili juu ya ng'ombe mmoja. Siku mlinipatia Chebet, nilipewa mlangoni na mama yake akakimbilia gari. Hakuna mtu aliitwa."

Mama Chebet aliangalia chini. Baba Chebet akasema nalinganisha mtu na mnyama, nikamjibu si mimi niliyeanza. Gogo akaongea nao kwa Kikipsigis, maneno mengi, na mimi maneno nisiyoyaelewa siyapendi. Mwishowe akanigeukia.

"Lete karatasi. Hawa watu wasirudi bure."

Basi wale mashahidi wa ng'ombe wakawa mashahidi wa mshahara wangu. Elfu kumi kuanzia mwezi huu, na elfu mbili zilizobaki bonasi ya chai ikiingia, ile pesa wakulima wanayolipwa mara moja kwa mwaka. Nilikataa neno "bonasi" likae peke yake, nikataka mwezi uandikwe, maana huku kila ahadi hulala kwenye bonasi. Jumapili ni yangu baada ya chai ya asubuhi hadi jioni. Bima watalipa. Krismasi nina wiki mbili bila kukatwa. Nilisoma mara mbili, nikageuza karatasi nione kama nyuma kuna kitu, ndipo nikatia sahihi.

Usiniulize kama Gogo ni mtu wangu. Labda aliona nina haki, labda alikuwa anaokoa mpango wao wa mtamba. Maana baada ya sahihi alisema ng'ombe bado yuko nikimtaka, na aliniangalia sana akingoja jibu. Nilimwambia asante, hapana. Mama, ulikuwa uchungu kusema hivyo, kwa sababu maziwa nilishayaona kwenye kikombe cha mtoto wangu.

Kwenye pesa ya mwezi huu nitatoa ya maziwa, umnunulie Moraa kwa jirani kila jioni. Ombati auze ile nepia, na asipokee tena simu ya mtu yeyote kwa niaba yangu.

Nisalimie shangazi anayekusaidia shamba, mke wa Ombati na yule mtoto wao mdogo, na mchungaji aliyeniombea nikiondoka. Kwa baba mdogo sema nimesikia ameoa tena, sina maoni.

Na Moraa akikuuliza ng'ombe wake yuko wapi, usimdanganye kwamba hatukupewa. Mwambie tulipewa, mama yake akakataa, kwa sababu siku atakapoamua kurudi kwake anataka arudi bila kuomba ruhusa ya ng'ombe.

Ni mimi mwanao,
Kemunto