Zote Zimeenda

Shoga, nimejifungia chooni kazini. Nimekwisha!

Si unaijua ile programu ya kuchapia ripoti, waliyotulazimisha tuandikie hata barua pepe? Wiki nzima imeganda. Nabonyeza tuma, kimya. Basi nikaigeuza pa kumalizia hasira. Namwandikia bosi, "Wewe ni mzigo," natuma, haiendi, roho inatulia.

Leo fundi kompyuta kaja, kachokonoachokonoa, kazima, kawasha. Mara anashangilia: "Dada, zote zimeenda!"

Zote?

ZOTE, shoga!

Nikamwambia zirudishe, nakuomba. Eti hazirudi. Na anacheka!

Bosi katoka ofisini kwake, kampa fundi mkono: "Ahsante, hatimaye nimepata barua zake."

Halafu kanigeukia, taratibu kabisa: "Njoo, mama. Mzigo unakuita."