Jenerali wa Amerika na Njia ya Mabalako

Butembo, 21 Novemba 2023

Kwa dada mukubwa, yaya wangu mupendwa Kaswera,

Ninakusalimia mu jina ya Bwana, wewe, shemeji Jéthro na batoto. Mugongo yako inaendelea namna gani? Huku tuko muzima, isipokuwa sauti imenikauka juu ya kampeni.

Unajua batu ba Butembo bananiita nani? Grant! Ni rais moja wa zamani wa Amerika, nilisoma maisha yake tangu nilitoka jeshi. Baba yake alitengeneza ngozi, kijana akachukia ile kazi. Akaingia jeshi, akatoka, akalima akashindwa, akauza kuni barabarani. Kisha vita ikakuja, akawa jenerali mukubwa, mwishowe rais. Ninaeleza hiyo mu kila mukutano, banapiga makofi. Mimi pia nilitoka jeshi na galon, cheo ya major, nikalima biazi, bakanicheka. Sasa ninaomba sauti zao, kura zao, niwe député mu bunge.

Jumapili nitafika Beni. Uombe muchungaji anipe nafasi kidogo kisha ibada, pale kwenu Mulekera.

Mudogo yako,
Sikuli


Mulekera, 27 Novemba 2023

Kwa mudogo wangu Sikuli,

Salamu nyingi. Ulirudi salama? Huku bangali banakusifu tangu jana. Hata mama Muyisa, mwenye hachekake na mutu, alicheka.

Mais kitu kimoja kinanisumbua. Ulisema mbele ya kanisa yote: «Mimi ni mujeshi, njia ya Mabalako ninaijua. Iko salama, muende muvune kakao yenu.» Jéthro amekwisha kunoa panga. Nikamuuliza nani alimuhakikishia kama waasi balitoka kule. Akajibu, «Shemeji. Unataka nani tena?» Anataka kuenda Alhamisi na Élysée, mutoto mukubwa wa mama Muyisa.

Mudogo, ile njia uliiona na macho yako, ao uliisikia tu? Simu yako banaishika bijana ba kampeni, kila mara banasema chef iko mu mukutano. Njo maana ninatuma barua na dereva. Unijibu mbele ya Alhamisi, tafazali.

Yaya yako,
Kaswera


Alimbongo, 6 Desemba 2023

Kwa yaya Kaswera,

Sijui nikusalimie namna gani. Kukuuliza habari ya afya, ninasikia haya.

Waasi balibaua Jéthro na Élysée ku ile njia, na mulibazika bila mimi. Batu banafikiri njia ilinizuia. Hapana. Gari ilikuwa. Niliogopa uso yako.

Barua yako ilinikuta hapa ku kampeni, ile Jumanne mbele ya Alhamisi yao. Niliisoma nikiwa nimesimama, batu bananingoja. Nikasema nitajibu kesho. Kesho kukawa mukutano ingine. Yaya, ile njia sikuiona. Luteni moja aliniambia tukiwa tunakunywa bière, «Huko kumetulia.» Sikumuuliza zaidi, juu maneno yake ilikuwa tamu ya kusema mbele ya batu.

Mu maisha ya Grant kuna kipande chenye siambiake batu. Pahali panaitwa Cold Harbor, alituma baaskari bake bashambulie adui mwenye alikuwa amejichimbia mashimo ya kujificha. Bakakufa wengi sana, bure. Akiwa amekwisha kutoka ku urais, ugonjwa ya koo inamumaliza, njo aliandika kama alijutia siku zote lile shambulio la mwisho. Mimi pia ninajuta. Kisha uchaguzi nitakuja kusema yote. Ninakuapia.

Mudogo yako mwenye makosa,
Sikuli


Mulekera, 8 Desemba 2023

Sikuli,

Niko muzima. Batoto bako muzima. Njo salamu.

Unasema kisha uchaguzi. Ule rais wako aliandika majuto yake wakati hakuwa na kiti cha kupoteza tena. Bajane ba baaskari bake bangojee miaka yote ile! Mimi sitangojea uzee yako.

Kuja Jumapili hii. Simama pale pale, na kinywa ile ile. Batu banamuambia mama Muyisa kama mutoto yake alikufa juu ya tamaa ya kakao, naye ameanza kuamini. Ondolea Élysée ile maneno.

Na mimi silalake. Ni mimi nilikuombea nafasi kwa muchungaji. Alhamisi asubui Jéthro aliniuliza, «Jibu imefika?» Nikasema, «Hapana, labda maana yake hakuna shida. Enda tu.» Hiyo nitaibeba mwenyewe.

Kaswera


Butembo, 15 Januari 2024

Kwa yaya Kaswera,

Ninatumaini mugongo imepoa, na batoto banakula.

Tangu ile Jumapili hatujaongea. Niliposema mbele ya kanisa, «Njia sikuiona, nilibadanganya,» nilingoja batu banirukie. Ningependa banipige. Mama Muyisa alisimama, akafunga kitambaa yake ya kichwa vizuri, akatoka, na batu bakamufuata moja moja. Wewe ulibakia, mais haukuniangalia.

Bijana ba kampeni balinikimbia siku ile ile. Sauti za kura nilipata kidogo, hiyo hainiumi. Chenye kinaniuma ni ile Jumanne, na barua yako mu mukono.

Ninaomba ruhusa nikuje kusalimia batoto, kisha niende kwa mama Muyisa peke yangu. Ukikataa, sitakusumbua tena.

Sikuli


Mulekera, 22 Januari 2024

Kwa Sikuli,

Salamu. Nilichelewa kujibu, juu kila mara nilianza kuandika, nikapasua.

Kwa mama Muyisa usifike. Nilimuuliza, akasema, «Bado.» Usimulazimishe. Mais batu balimuomba samahani juu ya yale maneno ya tamaa, na jana alikuja ku kanisa.

Batoto banaongea juu yako. Mukubwa hataki kukuona, mudogo anauliza mujomba atakuja siku gani. Kuja Jumamosi, muchana. Nitapika sombe na bukari, utakula na sisi. Kulala, utatafuta pahali pengine. Hapa kungali nguo za Jéthro ku kamba. Sijapata nguvu ya kuziondoa.

Yaya yako,
Kaswera