Jiwe la Tatu Kushoto mwa Mlango

Moshav Even-Shaked,
Galilaya.
30 Agosti 2012

Mpendwa kaka yangu Nahum,

Pokea salamu zangu kabla hujaikunja barua hii na kuiweka kando. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Dada yako Shoshana aliniambia ulianguka kwenye barafu hapo Montreal, nikashangaa mwana wa Galilaya anatembeaje mahali ambapo maji yanageuka sakafu. Odette hajambo? Na Mikhal? Nilisikia amefaulu mitihani ya uuguzi. Nilifurahi kama amefaulu binti yangu mwenyewe, nikapika kubba, yale madonge yetu ya nyama, sufuria nzima na hapa nyumbani hakuna aliyejua tunasherehekea nini.

Sisi huku tu wazima kwa kadiri yetu. Joto bado kali, zabibu zimekwisha kuvunwa, zeituni zingali ngumu na kijani. Baba ana miaka themanini na minne sasa. Nyonga inamsumbua, na masikio yake yanasikia yanachotaka tu.

Tangu nianze kuandika nimeinuka kwenye kiti hiki mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kuzima jiko ambalo hata halikuwa limewashwa. Niko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Basi acha nikwambie moja kwa moja, maana nikizungukazunguka sitafika.

Jiwe limepatikana. Ndiyo, lile lililokufanya uondoke. Hukuliiba, na mtu aliyejua kwamba hukuliiba, kwa miaka yote hii ishirini na minane, ni Baba. Ami yako Rahamim, aliyekulea tangu baba yako, Ami Yona, alipofariki. Anakuomba msamaha, na anautaka kabla ya Siku ya Upatanisho, inayoingia jioni ya tarehe 25 mwezi ujao. Nakusihi usiichane barua. Isome kwanza, ndipo uichane.

Ilikuwa Jumatatu ya tarehe 20, siku ya kwanza ya sala za toba za mwezi wa Eluli. Baba alirudi kutoka sinagogi jua linachomoza, akakaa mezani, chai hakuigusa. Akasema, "Simha, nipeleke Kijiji cha Kale."

Nikacheka. Wewe hukuwapo kuona, lakini Baba hajayakanyaga yale magofu mliyokuwa mkiyajenga upya tangu mwaka ule wa 1984, yeye aliyezisimamisha nusu ya zile kuta kwa mikono yake. Watoto wangu walipopelekwa huko na shule yao, naye akaalikwa aje awaeleze, alisema mguu unauma. Walipofungua rasmi, mguu uliuma. Nikamuuliza, "Leo mguu umepona?"

"Haujawahi kuuma," akasema. "Washa gari."

Kijiji chenyewe usingekitambua. Uliacha kuta tupu na mashimo, sasa nyumba zina mapaa, tanuri linafuka moshi, na punda anazungusha jiwe la kusaga zeituni huku watoto wa watu wakimpiga picha. Wanaotembeza wageni wamevaa kanzu za kitani za kale, na chini raba. Baba alipita akiparaza kuta kwa kiganja, akinung'unika: "Hili langu. Hili langu. Hili si langu, hili limewekwa na mvivu." Nilifurahi kumwona hivyo, nikadhani mzee amekuja kujivunia kazi yake kabla hajafa. Mimi sijui kusoma watu, Nahum. Hilo utaliona zaidi huko mbele.

Tulipofika kwenye nyumba ya kukamulia mafuta, msichana mmoja mtembezaji, anaitwa Ayelet, alikuwa amesimama mlangoni na kundi la wageni. Akawaambia kwa sauti ya mtu anayelisimulia jambo mara nne kwa siku: "Na hapa juu ya mlango ndipo lingekaa jiwe zuri kuliko yote, lenye maandishi ya miaka elfu moja na mia tano. Ila kibarua mmoja Mkurdi aliona litapendeza zaidi sebuleni kwa tajiri!"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia raba zangu.

Baba akapaza sauti, "Mwongo!"

Yule binti akageuka, akawa mwekundu. "Babu, samahani, mimi nasimulia nilivyofundishwa."

"Najua, mwanangu. Umefundishwa uongo, na uongo wenyewe ni wangu." Akauinua mkongojo, akapiga ukuta, safu ya pili kutoka chini, jiwe la tatu kushoto mwa mlango. "Toeni hili. Mnachokiona ni mgongo. Uso wake uko ndani."

Nilidhani ni jua. Nikampa maji, akayamwaga chini. Akaketi juu ya jiwe la kusagia, akasema yote mbele ya watu wasiomjua, na nakuandikia kama nilivyosikia.

"Nahum aliliokota kwenye kifusi siku ya Alhamisi, akaniletea kwa toroli anachekelea kama bwana harusi. Profesa aliyesimamia uchimbaji akaliona, akaandika daftarini, akasema lisiguswe mpaka Jumapili, akaenda zake Yerusalemu kwa Sabato. Mimi nikaona chokaa imeganda usoni. Nikasema, mwashi Mkurdi wa Zakho aogope chokaa? Nikachukua tindo. Pigo moja, Simha! Kipande kikaruka, kikawa unga. Na pembeni ya pale palipovunjika nikaona herufi mbili, mwanzo wa Jina."

Wewe na mimi tunajua maana ya hapo, mgeni ndiye angeshangaa. Unakumbuka tulivyokuwa tukibeba magunia ya vitabu vya sala vilivyochanika, kwenda kuvizika makaburini, na Baba akitukemea tusicheke njiani? Jina la Mungu likishaandikwa halifutwi, na karatasi iliyolibeba haitupwi wala haichomwi. Inalazwa mahali pa siri, ipumzike. Sasa yeye akaamini amelikata Jina kwa mkono wake mwenyewe. Akafanya kile ambacho maisha yake yote amefanya na kitu kitakatifu kilichoharibika. Jioni ile, wenzake walipoondoka, akalizika jiwe kwenye ukuta aliokuwa akiujenga, uso ndani, akasoma zaburi juu yake, akapiga udongo, akaja nyumbani kula.

Jumapili Profesa akarudi. Jiwe halipo, na watu wote walikuwa wameliona mara ya mwisho kwenye toroli lako.

"Ningesema siku ile ile," Baba akasema. "Nikasema acha, kesho. Kesho nayo ikawa na kesho yake." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye anaona kifo kinamkaribia, akaamua kujiumbua mwenyewe kwanza.

Nilikasirika, Nahum. Sitaki ufikiri nilimkumbatia. Nilimwacha pale juu ya jiwe nikaenda kusimama karibu na yule punda. Nilikumbuka Sabato zile ulizokaa sinagogi na hakuna aliyekuita kusoma Torati. Nilikumbuka mzee Mordekhai alivyokurudishia zawadi za uchumba wako na binti yake, mbele ya majirani, kwenye beseni. Baba alikuwa amekaa pale pale, anakunywa chai.

Mkuu wa Kijiji cha Kale anaitwa Tuvya, mtu mpole. Hakumfokea mzee. Alihangaika siku tatu kupata kibali cha kuugusa ukuta, na Alhamisi wakaja waashi wawili vijana na magogo ya kuegemeza. Baba akawekewa kiti cha plastiki kivulini, akakataa kivuli, akakaa juani anawaamuru: "Polepole! Unachimba viazi wewe? Egemeza juu kwanza, utauangusha ukuta wangu!" Mmoja akasema chini chini kwamba kichwa cha Mkurdi ni kigumu kuliko jiwe jeusi la Galilaya. Baba akalisikia hilo vizuri kabisa. "Ndiyo maana tulipewa mawe," akajibu.

Jiwe likatoka. Wakaligeuza. Lilikuwa na unyevu, jeusi, lina nusu ya shada la maua na mistari miwili ya maandishi, na katikati pengo la tindo, jeupe bado kana kwamba limepigwa asubuhi ile. Tuvya akapiga magoti, akaondoa chokaa iliyobaki kwa brashi laini, akaanza kusoma kwa kidole. Si Kiebrania. Ni Kiaramu, na Baba akaanza kuitikia maneno kabla Tuvya hajayaeleza, maana ni jamaa na lugha ambayo Bibi alitugombezea jikoni. "Akumbukwe kwa wema..." kisha pengo. Kisha "mwana wa Yehuda, aliyelichonga jiwe hili."

Halikuwa Jina. Zile herufi mbili ni mwanzo wa Yehuda, baba wa mtu, na pengo ni pale lilipokuwa jina la mwashi mwenyewe.

Nilitegemea Baba atapumua. Miaka ishirini na minane amebeba dhambi ambayo hakuitenda. Lakini aliinama, akalipapasa lile pengo. Kisha akasema, "Nimemfuta mwashi mwenzangu." Baadaye kidogo akasema tena, "Nimewafuta wawili."

Sabato iliyofuata alisimama sinagogi kabla Torati haijafunguliwa, akawaambia wote. Wengine walilia. Wengine walisema maji yaliyomwagika hayazoleki, ya nini kuyakoroga. Mzee Mordekhai alitoka nje na hakurudi.

Jumapili akakupigia simu mwenyewe. Akasema "Nahum, mwanangu," ukakata. Sikulaumu hata kidogo, ningekata mimi pia. Yeye akaiweka simu mezani, akasema, "Hiyo moja." Kwa desturi yetu mtu huomba msamaha mara tatu. Nikamwambia basi, Baba, ukifika ya tatu mzigo umeshuka, si wako tena. Alinikemea mpaka paka akakimbia. "Sihesabu ili nipumzike! Nahesabu nijue kwamba bado naomba!"

Barua hii ndiyo ya pili. Ya tatu anasema atakuja mwenyewe. Sifanyi mzaha. Juzi amekwenda kupiga picha ya pasipoti, ikatoka amefumba macho, na anakataa kurudia kwa sababu anasema watamtambua kwa pua. Mkoba uko mlangoni: suruali iliyopigwa pasi, kitabu cha sala, na chupa ya zeituni zako za kupondwa. Daktari amekataza ndege. Baba anasema daktari hakuijenga ile nyumba.

Kuna jambo la Tuvya pia. Lile jiwe wataliweka juu ya mlango kama lilivyotakiwa, na pengo lake litabaki. Chini kutakuwa na kibao kipya, na Ayelet ameahidi kusimulia mengine. Rasimu ya kibao imo humu ndani. Utaona mstari unaosema "Limepatikana na", halafu nafasi tupu. Nilitaka kuijaza pale pale. Baba akanishika mkono. "Nimelitumia jina lake miaka yote hii bila ruhusa yake," akasema. "Usiliandike tena bila ruhusa."

Nimeinuka tena. Nimemwagilia maua ambayo nimeshayamwagilia.

Sasa langu, Nahum. Mlinzi wa kule kazini alipouliza nani alikuona siku ile, mimi ndiye niliyesema nimekuona ukipakia gunia zito kwenye gari. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilijiona mkweli sana. Wewe ulipoulizwa gunia lina nini ukanyamaza, nasi tukasema kimya chako ndicho jibu. Wiki moja baadaye nilikwenda kwa mama yako kumsaidia kuoka mkate, nikaona tanuri lake limezibwa nyufa kwa saruji mpya. Saruji ya kazini, mabaki ya mfuko, uliyoichukua bila kuomba. Nikaelewa ulichokuwa umepakia, na kwa nini hukutaka kusema. Ulikuwa bado hujaondoka. Ulikuwa na siku tano zaidi hapa. Nilikula ule mkate, nikarudi nyumbani, nikanyamaza, kwa sababu niliona haya kwamba nilikuwa nimesema.

Baba alinyamaza kwa kumwogopa Mungu. Mimi niliogopa kuonekana mjinga tu. Nakuomba msamaha wangu peke yangu, usiuchanganye na wake. Ukimsamehe yeye na mimi ukaniacha, sitakulaumu. Ila yeye mjibu upesi.

Nisalimie Odette, na Mikhal mwambie shangazi asiyemjua anamwombea. Shoshana akikupigia mwambie mtungi wake wa siki bado uko kwangu. Mwenyezi akuandike wewe na nyumba yako katika kitabu cha uzima, mwaka huu unaokuja na mingi baada yake, na akuponye huo mgongo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama hunijibu,

Simha

Baada ya sahihi: Baba amekuja sasa hivi kuuliza, je, barua inahesabika ikiwa hukuisoma hadi mwisho? Nimemwambia sijui. Kama umefika hapa, tafadhali piga simu. Si lazima useme neno. Usikate tu, yeye atajua ni wewe.